Wati-saa Kwanza, Kadi Baadaye

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na kompyuta nyingi za ofisini zikastaafishwa zikiwa bado nzima. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache mno, na benki au kampuni ya bima haiwezi kubaki na mashine isiyopata tena viraka vya usalama. Mashine hizo zinauzwa kwa mafungu, zinapakiwa kwenye makontena, na sehemu yake huishia katika maduka ya mitumba ya Afrika Mashariki, ya Kampala na Mbarara yakiwemo. Miongoni mwake kuna zile ndogo za mezani: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Hazizidi ukubwa wa kamusi, hazipigi kelele, na umeme zinaoutumia ni kidogo.

Kwa kijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Oruchinga anayetaka kuhariri video za harusi, kujifunza Blender, programu ya michoro inayotembea, au kufungua kibanda cha gemu, kisanduku hiki kina kasoro moja kubwa. Picha yake hutengenezwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 530 au 630, isiyo na kumbukumbu yake yenyewe; huazima ile ya kompyuta. Na ndani hakuna pa kuchomeka kadi ya grafiki. Ndipo linapokuja wazo ambalo video za YouTube zimelipamba sana: kama kadi haiingii ndani, basi ikae nje.

Msimamo wangu ni huu. Kadi ya nje inawezekana, tena kwa vifaa vya bei ya chini kuliko watu wanavyodhani. Lakini kwa sisi wa kusini-magharibi mwa Uganda, kuuliza itaongeza kasi kiasi gani ni kuanzia katikati. Uliza kwanza: kazi moja ikikamilika, itakuwa imekula wati-saa ngapi? Ukipima hivyo, kadi ya nje inakuwa akiba kwa watu wachache na hasara kwa walio wengi. Na kosa lenyewe, mara nyingi, lilifanyika mapema zaidi, siku mtu alipochagua kisanduku.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Oruchinga ilifuata mapema miaka ya 1960. Zote mbili ziko katika wilaya ya Isingiro, na mji mkubwa wanaoutegemea watu wake ni Mbarara. Leo Nakivale ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na desturi ya Uganda imekuwa kumpa mkimbizi kipande cha ardhi ajenge na alime. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka, na mgao wa chakula wa Mpango wa Chakula Duniani (WFP) umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Kazi isiyohitaji shamba ina thamani yake hapo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi wa Uganda, Nakivale ikiwa mojawapo ya maeneo waliyoyachunguza. Walikuta kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara inayoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya waajiriwa hao asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Nayataja haya ili nisieleweke vibaya. Kijana anayeulizia kadi ya grafiki Mbarara hatafuti kitu cha kuchezea. Anatafuta mtaji, na mtaji una hesabu yake.

Tuanze na namna inavyofanywa, maana wengi wanaizungumzia bila kuifungua. Ndani ya kisanduku kuna tundu jembamba la M.2, lile linalopokea diski ya NVMe. Tundu hilo hubeba njia nne za PCIe, njia zilezile ambazo kadi ya grafiki huzitumia kwenye kompyuta kubwa, ila kule huwa kumi na sita. Unanunua adapta iliyotengenezwa China: upande mmoja una umbo la diski, kebo bapa inatoka nje, na mwisho wake kuna tundu refu la kadi. EXP GDC na ADT-Link ndiyo majina yanayotajwa zaidi. Wengine siku hizi wanapendelea kebo ya OCuLink, imara zaidi na rahisi kuchomoa. Diski yako unaihamishia kwenye nafasi ya SATA ya inchi 2.5, ambayo visanduku vingi vinayo.

Hapo tayari kuna mtego wa kwanza. Matundu ya M.2 yanafanana kwa macho, lakini mengine hubeba SATA peke yake, na kadi haitaonekana kamwe hata ukiomba dua. Lile dogo la Wi-Fi lina PCIe kweli, ila njia moja tu. Soma karatasi ya mashine yenyewe, jina na namba kamili ya modeli, kabla ya kuagiza adapta.

Chaja ya kisanduku ni ya wati 65 au 90, haiwezi kuilisha kadi. Inabidi kutafuta pawa saplai ya kompyuta kubwa, na kwa kuwa haina ubao mama wa kuiamuru iwake, mafundi huunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi ya pini 24. Adapta nyingine hufanya kazi hiyo zenyewe. Kadi huwashwa kwanza, kompyuta baadaye, kwa sababu kompyuta isipoikuta wakati inaamka haitaijua. Monita nayo ichomekwe kwenye kadi. Ukiichomeka kwenye kisanduku, kila picha iliyokwisha kutengenezwa italazimika kurudi kwa njia ileile nyembamba. Windows ikileta kosa namba 12, mashine imekosa anwani za kumbukumbu za kuipa kadi. Ingia kwenye BIOS uone kama kuna mpangilio unaoruhusu vifaa kutumia anwani zilizo juu ya GB 4. Kwenye mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba haupo, na hapo safari inaweza kuishia.

Kuna jambo moja ambalo silichukulii mzaha. Adapta nyingi za bei rahisi hulishwa kwa kiunganishi cha SATA, kile cha diski. Kiunganishi hicho kimeruhusiwa wati 54 kwenye waya wa volti 12, ilhali kadi ina haki ya kuvuta hadi wati 75 kupitia tundu lake. Wachimbaji wa sarafu za mtandao waliyeyusha plagi nyingi kwa kosa hilo. Katika ofisi ya zege huo ni uharibifu wa mali. Katika nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, huku watoto wamelala chumba hichohicho, ni jambo lingine kabisa. Tumia adapta inayopokea plagi ya pini sita au nane kutoka pawa saplai. Kama fundi wako anasema ile ya SATA itatosha, tafuta fundi mwingine.

Watu hubishana sana kuhusu njia nne dhidi ya kumi na sita. Kwa PCIe ya kizazi cha tatu, njia nne hupitisha karibu GB 3.9 kwa sekunde, na kumi na sita hupitisha karibu 15.8. Tofauti inatisha kwenye karatasi. Kwa kweli kadi ya kati haizijazi njia zote hizo muda mwingi, na kinachopotea kwenye gemu ni kidogo kuliko unavyotegemea. Njia hii ya M.2 hata inaishinda Thunderbolt 3, ambayo inajitangaza kwa gigabiti 40 kwa sekunde lakini sehemu inayofika kwenye kadi huwa kama 22. Kinachobana mapema ni prosesa. Core i5-6500T, iliyomo katika visanduku vingi vya 2016, ina viini vinne vinavyoanzia GHz 2.5. Ukiifunga na kadi ya nguvu, kadi itakaa ikiisubiri.

Wenye Mac mini niwaambie kwa ufupi. Apple iliruhusu kadi za nje rasmi Machi 2018 kupitia macOS 10.13.4, za AMD peke yake, kwa mashine zenye Thunderbolt 3. Mac mini za 2012 na 2014 zina Thunderbolt ya zamani na hazikuingizwa. Zile zenye prosesa za Apple zenyewe, tangu 2020, hazikubali kadi za nje hata kidogo. Ukiuziwa mojawapo ya hizo kwa ahadi ya kuiongezea kadi, ondoka dukani.

Sasa umeme, ambao wanaotengeneza zile video wanaupita mbio kwa sababu kwao upo ukutani. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme wa gridi uko mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. Mwaka 2023 marais wa Uganda na Tanzania walizindua kituo cha Kikagati kwenye mto Kagera, megawati 14, katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro. Mtu wa Oruchinga anaishi jirani na mitambo ya kufua umeme, na bado nyumba nyingi za makazi haya huishi kwa paneli, betri na inveta. Kila wati inalipiwa mara tatu: kwenye paneli, kwenye betri, na tena kwenye betri itakapokufa.

Chukua betri ya asidi ya volti 12, Ah 200. Kwenye karatasi ina wati-saa 2,400. Ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 1,200. Inveta nayo inachukua chake. Unabaki na 1,000 hivi. Kisanduku kikifanya kazi pamoja na monita hutumia kama wati 60. Kwa betri hiyo unakwenda saa 16. Ongeza GTX 1060, kadi ya 2016 inayokula wati 120, na pawa saplai inayopoteza kidogo njiani, mfumo unapita wati 200. Saa tano hazifiki. Upande wa paneli, tukikadiria jua kamili la saa nne na nusu kwa siku, paneli ya wati 200 inaleta kama wati-saa 700 baada ya upotevu. Hiyo ni zaidi ya saa 11 za kisanduku peke yake. Kikiwa na kadi, ni saa tatu na dakika.

Mwenye kibanda cha gemu ajitazame hapo. Anafungua saa nane kwa siku, anahitaji karibu wati-saa 1,700 kwa kiti kimoja, yaani paneli tatu na betri mbili, ili mteja alipe kwa mchezo mmoja kile kidogo anachoweza kulipa. Gemu haina kumaliza kazi. Kadi inakula kwa muda wote ambao mtoto wa watu ameshika vidhibiti. Kwa biashara hiyo mimi ningenunua konsoli ya mtumba, na nisingefungua kisanduku chochote.

Lakini hesabu hiyohiyo inamtetea mtu mwingine. Tuseme binti wa Juru, huko Nakivale, anajifunza Blender na ana kazi ya sekunde chache za mchoro unaotembea. Kwa prosesa peke yake kompyuta inakesha saa 10 kwa wati 60 na ushee, karibu wati-saa 650. Kwa kadi, tuseme inamaliza kwa saa mbili kwa wati 210: ni 420. Ametumia umeme pungufu, na ana saa nane za kurekebisha alichokosea. Huyu kadi inamwekea akiba. Akishusha kikomo cha nguvu cha kadi kwa programu, kitu ambacho kadi za Nvidia hukiruhusu kirahisi, anaweza kupunguza theluthi ya wati na kupoteza kasi kidogo tu. Hao wanaouza kadi hawamwambii, na wanaopinga kadi hawajapiga hesabu yake.

Kati ya hao wawili wamo wahariri wa video, na ndio wengi. Kwao jibu langu litawaudhi baadhi: kwa sehemu kubwa, hawahitaji kadi. Ile HD 530 wanayoidharau ina mtambo wake wa kusoma na kuandika video za H.264, na HEVC ya kawaida, mbinu ambazo simu zao hurekodia. HD 630 inaongeza HEVC ya biti 10. Programu nyingi za kuhariri zinaujua mtambo huo, ila mpangilio wake mara nyingine umezimwa na mtu hajawahi kuufungua. Kisha kuna RAM. Nimeona visanduku vingi vyenye kipande kimoja cha RAM na tundu la pili likiwa tupu. Kwa kuwa grafiki ya Intel inaazima kumbukumbu hiyo, vipande viwili vinaipa njia mbili badala ya moja, na tofauti inaonekana kwa macho. Kisha diski ya SSD. Kisha kuhariri kwa nakala nyepesi za video na kurudi kwenye zile halisi mwishoni, jambo ambalo Kdenlive inalifanya bure. Mtu aliyefanya haya yote na bado kompyuta inamshinda, kwa mfano kwa kuwa anatumia DaVinci Resolve ambayo mzigo wake mkubwa huubebesha kadi, huyo aje tuzungumze.

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 na kutengeneza filamu za mapigano zilizoangaliwa duniani kote kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutoka vipande vikuukuu. Filamu yake ya 2010, "Who Killed Captain Alex?", ina helikopta na milipuko iliyochorwa kwenye mashine hizo. Kilichomkwamisha zaidi kilikuwa nafasi ya diski: alifuta faili asilia za filamu ili apate pa kutengenezea nyingine, na kilichobaki ni nakala ya DVD. Ningependa kila anayehifadhi pesa ya kadi aisikie habari hiyo. Diski ya pili ya kutunzia kazi ingekuja mbele ya kadi katika orodha yangu, bila ubishi.

Anayeamua kununua ajue kwamba soko la kadi kuukuu limejaa majina yanayodanganya. GT 1030 ina sura mbili: ya 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5, na ya 2018 yenye DDR4 ambayo kumbukumbu yake inapitisha data theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Jina ni lilelile, boksi linafanana. Zote mbili hazina mtambo wa kuandika video, kwa hiyo mhariri anayeinunua anapoteza kitu alichokuwa nacho bure ndani ya Intel. RX 6400 ya AMD nayo haina mtambo huo, na iliundwa kwa PCIe ya kizazi cha nne. Kwenye mashine zetu inakwenda kwa nusu ya upana wake. RX 580 ni tele na ni rahisi, hasa tangu tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi na wachimbaji wakamwaga mizigo yao sokoni. Ina nguvu kweli kwa gemu. Lakini inakula wati 185, na Blender tangu toleo la 3.0 la mwishoni mwa 2021 haiitumii tena kurenda kwa Cycles, injini yake ya kutoa picha. Yule binti wa Juru akiuziwa RX 580 ataipeleka nyumbani na kukuta prosesa bado inakesha. Hata GTX 1060 niliyoitaja, Nvidia ilitangaza kwamba kizazi chake kitapata viraka vya usalama pekee hadi Oktoba 2028.

Atajibu mtu kwamba nawakatisha vijana tamaa, na kwamba ufundi hupatikana kwa kufungua. Sehemu ya pili naikubali kabisa. Kijana aliyeunganisha kadi ya nje mwenyewe, akapambana na kosa namba 12 usiku kucha, anajua PCIe na umeme wa kompyuta kuliko mwenye cheti cha miezi mitatu. Kama kuna karakana yenye umeme wa uhakika, kwa mfano Mbarara ambako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, na adapta moja ya kujifunzia, ningewapeleka vijana wa Nakivale na Oruchinga waijaribu kila mwaka. Ninachokataa ni kujifunzia kwa pesa ya mtaji. Adapta, pawa saplai, kadi, na kisanduku kinachobaki wazi bila kifuniko katika vumbi la kiangazi cha Julai: ni vitu vinne vinavyoweza kuharibika badala ya kimoja, na hakuna unachoweza kukibeba kwa boda kwenda kumfanyia mteja kazi.

Turudi basi kwenye kisanduku. HP, Dell na Lenovo hawakutengeneza hizo ndogo peke yake. Kila modeli ina ndugu yake wa mwaka uleule, prosesa ya kizazi kilekile, mwenye kimo cha kati: OptiPlex 7050 SFF, EliteDesk 800 G3 SFF, na wenzao. Huyo ana tundu kamili la kadi fupi na pawa saplai ya wati 180 ndani. Zinatoka katika ofisi zilezile. Watu huziacha kwa sababu zinaonekana kubwa na za kizamani. Ndani yake unachomeka kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada: GTX 1650 ya kimo kifupi, wati 75, au T600 ya Nvidia, kadi ya ofisini ya wati 40, yenye kumbukumbu ya GB 4, mtambo wa kuandika video, na inayokubaliwa na Blender. Hiyo T600 ndiyo kadi ya sola. Haitamfurahisha mcheza gemu, lakini mfumo mzima na monita unakaa karibu na wati 110, kifuniko kinafungwa, hakuna waya wa kijani wala pawa saplai ya pili juu ya meza. Anayeng'ang'ania udogo aangalie ThinkCentre M720q au M920q za Lenovo. Hizo zina nafasi ya PCIe ndani kwa kipande maalumu cha kuunganishia, ingawa chaja yake lazima iangaliwe, na kwa kuwa zina prosesa za kizazi cha nane au cha tisa Windows 11 inazikubali.

Hapa ndipo ninapowageukia wasiosoma kurasa za kompyuta: wanaonunua kwa niaba ya wengine. Mashirika, makanisa, shule na wafadhili huleta kompyuta Nakivale na Oruchinga kwa nia njema, na anayechagua huangalia bei, uzito wa mzigo na idadi ya vipande vitakavyoonekana kwenye picha ya makabidhiano. Kisanduku kidogo kinashinda kwa vigezo hivyo vyote. Miaka miwili baadaye darasa la kuandika herufi limekwisha, vijana wanataka kuhariri, kuchora, kutengeneza, na mashine haina pa kupanukia. Ndipo mzigo wa kuipanua unamwangukia kijana, kwa pesa yake, kwa kebo inayoning'inia nje.

Basi, ndugu mnunuzi, safari ijayo ukiletewa orodha ya bei, uliza maswali matatu kabla ya kusaini. Je, mashine hii ina tundu la kadi ndani? Je, imekuja na vipande viwili vya RAM au kimoja? Na je, paneli na betri za mahali inapokwenda zimehesabiwa kwa wati-saa za kazi itakayofanyika huko? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo usimpe oda, na kama bajeti inatosha kompyuta ishirini ndogo au kumi na sita zenye tundu, chukua hizo kumi na sita.